Ekari Moja, Viwanja Sita: Nani Anakula Tofauti?

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikiwa shamba la mpunga, bei yake hufuata mavuno: udongo, maji, na umbali hadi mashine ya kukoboa. Ikikatwa viwanja vya mita 20 kwa 20, ukatoa theluthi moja hivi kwa ajili ya barabara, mitaro na eneo la wazi, hubaki viwanja sita na kipande. Bei ya viwanja hivyo haina habari tena na mpunga. Hufuata umbali hadi lami, nguzo ya umeme iliyo karibu, na uvumi kwamba halmashauri inakuja kupima. Udongo ni ule ule, hakuna aliyeuongezea hata toroli moja la samadi, lakini thamani imeruka. Naanza na mruko huo kwa sababu mijadala yetu ya mipangomiji haiugusi. Tunalalamikia ujenzi holela, tunawalaumu wananchi kwa kujenga kabla ya kupimiwa, tunadai michoro. Fedha inayozaliwa shamba linapogeuka kiwanja, na njia inayopita hadi kuingia mfukoni mwa mtu fulani, tunaiacha kwa madalali.

Ndandalo, moja ya kata za Wilaya ya Kyela, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, pengine kuliko Dar es Salaam. Uwanda wa Kyela umelala kati ya Milima ya Livingstone na Mto Songwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mvua yake kwa mwaka huzidi milimita 2,000. Bondeni ni mpunga, penye mwinuko kidogo ni kakao chini ya vivuli, michikichi huku na huku, na migomba imezunguka karibu kila nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 221,490 wilayani, na wengi wao wanaishi kwa kilimo. Hakuna kiwanda kikubwa cha kuvuta vibarua. Hata hivyo mji unapanuka, na upanuzi wenyewe haufanani na ule ulioandikwa vitabuni.

Vitabu ninavyovisema ni vya wanazuoni waliosoma miji kwa jicho la Marx. Friedrich Engels alichapisha mwaka 1845 uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa Uingereza. Humo alionyesha jinsi Manchester ilivyopangika hivi kwamba tajiri angeweza kutoka nyumbani hadi ofisini kila siku bila kuona mabanda ya watu waliomtajirisha. Karne moja na ushei baadaye uwanja huo ukachangamka tena. Henri Lefebvre alitoa hoja yake ya haki ya mji mwaka 1968, Manuel Castells akafuata na swali la mji mwaka 1972, na David Harvey akaandika kuhusu haki ya kijamii na mji mwaka 1973. Wanapingana kwa mengi, lakini wanakubaliana kwamba mji ni zao la mahusiano ya uzalishaji, na kwamba mpangaji mwenye rula na kalamu anafanya kazi ndani ya mahusiano hayo, apende asipende. Harvey aliongeza kwamba mtaji ukikosa faida ya kutosha viwandani hukimbilia kwenye majengo na ardhi. Ndiyo maana majumba huibuka kwa kasi wakati ambapo uchumi wenyewe umeanza kuyumba.

Msomaji wa Kyela ana haki ya kuuliza nadharia zilizozaliwa Manchester na Paris zinamhusu nini. Jibu langu ni kwamba zinamhusu sana, ila azipitie njia ya mtu aliyefika kwao mapema.

Mtu huyo ni Godfrey Wilson. Mwaka 1934 kijana huyu Mwingereza alikuja kufanya utafiti kwa Wanyakyusa wa eneo hili, na mwaka uliofuata mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaungana naye. Walikaa hadi 1938. Monica ndiye anayekumbukwa zaidi, kwa kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika. Godfrey aliondoka akiwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na mara moja akaenda kuchunguza mji wa mgodi wa risasi na zinki, Broken Hill, ambao sasa unaitwa Kabwe. Ripoti yake ilitoka kwa sehemu mbili, 1941 na 1942. Wakati huo wakuu wa mgodi walikuwa wamekwisha kumfungia mlango wa makambi ya wafanyakazi, naye alikuwa ameacha kazi. Alifariki mwaka 1944, akiwa bado kijana.

Simgeuzi Wilson kuwa mwanamapinduzi. Lakini alichokiona Broken Hill kingemfurahisha Engels. Serikali ya kikoloni na makampuni walipenda kusema Mwafrika ni mtu wa kijijini anayepita mjini kwa muda tu. Wilson alikuta watu waliokaa mjini miaka mingi, huku mishahara yao ikipangwa kana kwamba wamefika jana na wataondoka kesho. Mshahara uliweza kuwa mdogo kiasi kile kwa sababu gharama ya kumlea mfanyakazi utotoni, kumuuguza na kumtunza uzeeni ilibebwa na shamba lililobaki kijijini, na shamba hilo lililimwa na wanawake na wazee. Mwaka 1972 Harold Wolpe aliijenga hoja ya namna hiyo kwa ukamilifu zaidi kuhusu Afrika Kusini, na wasomi wengi wa Kimaksi huianzia kwake. Mimi naiona imekwisha kuota kwa mtu aliyejifunza kwanza namna mgomba na mpunga vinavyolisha kaya ya Kinyakyusa, ndipo akaenda kutazama mgodi.

Tena wanaume wa Unyakyusa walikuwa sehemu ya kisa hicho. Walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, miaka ya 1930, kisha Ukanda wa Shaba na hata Afrika Kusini. Philip Gulliver, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya uhamaji huo mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaandika juu ya ardhi ya Wanyakyusa. Ukizisoma kazi hizo mbili kwa pamoja utaona ni kisa kimoja: ardhi inabana, kijana anaondoka, fedha inarudi, ardhi inazidi kubana.

Leo njia zimehamia Tunduma, Mbeya na Kariakoo. Mshahara wa muuza duka au wa dereva wa bodaboda kutoka Kyela bado unasaidiwa na gunia la mchele na dumu la mawese vinavyomfuata kwa basi. Mwajiri wake hajui kama kuna mama huko Ndandalo anayemlipia nusu ya chakula. Kijana naye akipata chochote hurudi kununua kiwanja karibu na lami. Kwa hiyo mji mkubwa unakula kutoka Ndandalo, na Ndandalo inajengwa kwa fedha ya mji mkubwa. Ramani ya mipangomiji huchora mstari kati ya mji na kijiji. Kaya hizi zinaishi pande zote mbili za mstari huo kwa wakati mmoja.

Azimio la Arusha la 1967 lililiona hili kwa pembe yake. Lilionya kwamba mikopo ya nje hutumika zaidi mijini ilhali anayeilipa kwa mazao yake ni mkulima, hivyo wakazi wa mijini wangeweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima. Miaka miwili baadaye Mpango wa Pili wa Maendeleo ulichagua miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu, na Mbeya ikawa mmojawapo. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Walter Rodney na Issa Shivji, walikuwa wakibishana kwa ukali juu ya matabaka, mabepari wa ofisini na uchumi tegemezi. Ila kodi ya ardhi, yaani pato la mwenye ardhi kwa kuimiliki tu, mada ambayo Marx aliipa sehemu nzima katika juzuu ya tatu ya *Mtaji*, haikupewa uzito uleule kwenye mijadala yetu ya miji. Nadhani naelewa sababu. Umiliki huria ulikuwa umefutwa mwaka 1963, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Kabaila akikosekana kisheria, ni rahisi kuamini kwamba na kodi yake imekwisha.

Haikwisha. Ilijificha ndani ya bei ya "maendelezo", msingi wa tofali kumi na miembe miwili ikauzwa kwa bei ambayo hakuna mwembe uliowahi kuifikia. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali ukweli huo ilipotamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na thamani hiyo izingatiwe katika kila shughuli. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo ikaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake kwa niaba ya wanakijiji. Vipande hivi viwili hukutana vibaya pembezoni mwa mji.

Tuseme familia moja ya Ndandalo ina ekari mbili. Mji ukisogea, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, ada ya shule au ugonjwa unaingia, familia inauza ekari moja kwa bei ya shamba, hati ya mauziano inaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi, na mnunuzi anakaa kimya. Lami ikifika au umeme ukivutwa, anaikata viwanja. La pili, serikali inatangaza eneo la mipango chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, ardhi ya kijiji inahaulishwa kuwa ardhi ya jumla, na mkulima analipwa fidia: thamani ya soko ya shamba kama lilivyo, mazao, posho ya usumbufu. Kisha eneo linapimwa na viwanja vinauzwa kwa bei ya viwanja. Katika kisa cha kwanza tofauti amekula dalali na mwenye mtaji wa kusubiri. Katika kisa cha pili imekwenda kwa halmashauri na kwa wenye uwezo wa kulipia kiwanja kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa na jembe amekosa kote kuwili, na kisa cha pili kimefuata sheria hatua kwa hatua.

Hapa natofautiana na wenzangu wanaodhani dawa ya ujenzi holela ni kupanga mapema tu. Kupanga mapema ni kuzuri: barabara itapita, gari la zimamoto litafika, zahanati itapata eneo. Lakini siku mchoro unapoidhinishwa ndiyo siku thamani inaporuka, kwa hiyo mchoro wenyewe ni chombo cha kugawa mali. Kaskazini ya Nairobi, Tatu City inajengwa juu ya ardhi iliyokuwa shamba kubwa la kahawa, maelfu ya ekari chini ya mwenye mali mmoja, na unajua tofauti ya bei inakwenda wapi. Kyela ardhi iko mikononi mwa maelfu ya kaya. Tofauti hiyo ingeweza kusambaa kwa watu wengi kuliko Tatu City, lakini inanyonywa kidogo kidogo, ekari kwa ekari, kiasi kwamba hakuna anayepiga kelele.

Kuna dawa nyingine iliyopendwa sana. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha MKURABITA kwa kufuata mawazo ya Hernando de Soto wa Peru: mpe mnyonge hati, hati ifungue benki, benki ifungue mtaji. Engels alikuwa ameshaijibu hoja ya ukoo huo mwaka 1872 alipoandika juu ya suala la nyumba. Alisema mfanyakazi akimiliki kibanda na bustani, mwajiri hupata nafasi ya kumpunguzia ujira, kwa kuwa kodi ya nyumba na sehemu ya chakula haimo tena katika gharama za kuishi kwake. Sikubaliani na Engels moja kwa moja. Hati inamlinda mjane dhidi ya mashemeji, na jambo hilo si dogo. Ila wanaodhani hati itamtoa mtu kwenye umaskini wanapaswa kueleza kwa nini mchele, ndizi na nyumba ya bure ya Ndandalo havijawahi kupandisha ujira wa mtoto wa Ndandalo huko Mbeya.

Na Harvey? Yeye namkubali kwa nusu. Bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mapema mwaka 2024 na ikazidi 12,000 Desemba, na Kyela, inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, iliusikia upepo huo kwenye minada. Fedha ya namna hiyo huishia kwenye tofali na bati, kama nadharia inavyotabiri. Hata hivyo mtaji wa Harvey unapita benki, unakopwa, unazunguka. Nyumba ya Kyela hujengwa msimu kwa msimu: mavuno haya msingi, mavuno yale kuta, halafu pagale linasimama miaka minne likisubiri kupauliwa. Hapo hakuna mtaji uliofurika ukitafuta pa kukimbilia. Kuna mkulima anayeweka akiba mahali ambapo mkopo wa sherehe, ndugu wa mbali na mfumuko wa bei havitaifikia. Mpangaji anayeliona pagale na kuandika "halijaendelezwa" kwenye fomu yake hajaelewa anachokitazama.

Kuna kitu kingine ambacho nadharia za Ulaya hazina la kusema juu yake, nacho ni maji. Kati ya 1915 na 1935 hivi Ziwa Nyasa lilishuka hadi maji yakaacha kutoka kupitia Mto Shire; baadaye lilipanda, na kufikia 1980 kina kilikuwa juu sana. Mji wa pwani ya ziwa hili hauna mstari wa kudumu. Mwaya, bandari ya enzi za Wajerumani, sasa kama bandari inakumbukwa zaidi na wazee. Itungi inasumbuliwa na mchanga wa Mto Kiwira, ingawa ni kwenye pwani hiyohiyo zilikounganishwa meli mpya, MV Ruvuma na MV Njombe za mizigo na MV Mbeya II ya abiria. Mto Songwe nao huhama kitanda chake, na kwa kuwa ndio mpaka na Malawi, mkulima anaweza kulala upande huu na shamba lake likaamkia upande wa pili. Masika ikikolea, barabara iliyoinuliwa bila makalavati ya kutosha inageuka bwawa, na nyumba zinazozama ni zilezile kila mara, zilizojengwa kwenye viwanja vya bei nafuu. Unafuu wa bei na njia ya maji ni kitu kimoja. Soko limekwisha kupima mafuriko kwa usahihi kuliko mchoro wowote, likawapeleka huko wasio na chaguo.

Wanyakyusa walikuwa na mpangilio wao wa makazi, na akina Wilson waliukuta ukiwa bado hai. Wavulana wa rika moja walijitenga wakajenga vibanda vyao pembeni, vikakua hadi kuwa kijiji, *ikipanga*. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika *ubusoka*, sherehe ya kuwakabidhi vijana uongozi, na mipaka ya vijiji ikapangwa upya. Tusiupambe. Wakuu na wazee walikuwa na neno la mwisho, mwanamke alipata ardhi kupitia mwanamume, na waliokuja baada ya Wilson wametilia shaka kama picha ilikuwa nadhifu kiasi hicho. Godfrey mwenyewe alionyesha mwaka 1938 jinsi ardhi ilivyokuwa ikianza kuegemea urithi wa baba na mwana, hasa penye kahawa na mazao ya kudumu. Lakini swali la nani apate ardhi mpya liliulizwa siku inayojulikana, mbele za watu. Sisi tunaliuliza kwenye kibanda cha dalali, na mara nyingi wake za wauzaji hulisikia baada ya wino kukauka, ingawa sheria inataka ridhaa yao.

Kwa Ndandalo ningetaka mambo yaende kwa mpangilio tofauti na uliozoeleka. Kwanza ichorwe njia ya maji, ikubaliwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji, isiguswe. Kisha, kabla ya kutangaza chochote, halmashauri ikubaliane na wenye mashamba wagawane viwanja vitakavyotoka, mkulima arudishiwe sehemu yake ikiwa viwanja vilivyopimwa badala ya kulipwa fidia na kuondoka. Zipo halmashauri nchini zilizojaribu mgawanyo wa aina hii, na kasoro yake kubwa ni kwamba mkulima huingia mezani bila kujua thamani ya anachokitoa. Taarifa za kumsaidia zipo. Karibu kila mauziano yaliyoshuhudiwa yameacha nakala katika ofisi ya kijiji au kitongoji, ikiwa na tarehe, ukubwa na bei. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu Ardhi wangeweza kuzipitia nakala hizo kwa likizo moja, wakapanga bei za mashamba na bei za viwanja kwa miaka na kwa umbali kutoka barabarani, halafu orodha ikabandikwa kwenye mbao za matangazo kabla ya mpima ardhi kushusha vyombo vyake.